Kofia za Bati Juu ya Mnara

Mjomba,

Shikamoo. Nimeandika hivyo nikakaa kidogo, kama nasubiri ile marahaba yako ya kuvuta, halafu nikajiona mjinga. Haya. Naendelea bila hiyo.

Nakuandikia nyuma ya karatasi za zamu, zile za mistari ulizokuwa ukizikunja mara nne mfukoni. Hazitumiki tena, namba sasa zinajiandika zenyewe kwenye kompyuta. Ni saa tisa mchana, nimetoka zamu ya asubuhi, Zuhura amelala mapajani kwangu, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke. Mgongo unauma, macho yanauma. Lakini keshokutwa napanda Kinole na Mama kuja kupalilia kaburi lako, na mbele ya Mama sitaweza kulisema hili. Bora nilimalize hapa.

Nilikaribia kuuharibu mnara wa spiriti, Mjomba. Na nilitaka kuuharibu kwa kofia zako.

Nianze na yaliyobadilika. Zuhura anatembea. Ulimwacha anatambaa kinyumenyume, ukamwita kaa wa mtoni. Sasa anakimbia hadi mlangoni akisikia bodaboda, akidhani ni baba yake amerudi kutoka Gairo. Baba yake bado yuko kwenye mahindi, anakuja wiki moja haji wiki mbili. Mama amehamia kwangu hapa Msamvu ili amshike mtoto nikiwa zamu. Analalamika kelele za mabasi, lakini ukimwambia arudi mlimani ananuna.

Siku ya arobaini yako walitoa vitu vyako. Ndugu wa upande wa baba yake Zuhura walishangaa kuona naitwa mimi. Mama akawaambia, "Kwetu Waluguru mali ya mjomba inakwenda kwa mtoto wa dada, na huyu ndiye mtoto wa dada." Nikapewa daftari lako na ule mkasi wa kukatia bati. Sikulia siku ile. Nililia wiki iliyofuata, nilipoutia mafuta mkasi nikaona alama ya kidole gumba chako kwenye mpini.

Na kiwandani wamekuja mafundi kutoka Dar.

Unakumbuka ulivyokuwa ukimsumbua kila meneja aliyepita? "Nipeni joto la katikati. Chini mnanipa, juu mnanipa, katikati ndiko mnara unakoamua mambo." Na kila mwaka wakakujibu kwamba kuvuta waya hadi kule juu, kwenye mvuke na kutu, ni kazi kubwa, tuone mwakani. Ndiyo maana tulikuwa tunapanda kila nusu saa, wewe na goti lako, mimi na tumbo langu, kwenda kusoma vipimajoto vya kioo kwa macho na kuja kuandika.

Basi wamekupa. Vipimajoto vinne, vya wayalesi. Havina waya hata mmoja. Kila kimoja kina betri tumboni na antena fupi kama kidole, na kila nusu dakika kinarusha joto lake hewani hadi chumba cha kompyuta. Siku ya kwanza sahani ya kumi na nne, ile ya katikati ya mnara, ilipoonekana kwenye kioo cha kompyuta, namba inapanda, inashuka, nyuzi themanini na nane na vipande, nilitoka nje. Nilisimama nyuma ya tanki la molasi nikasema, Mjomba, njoo uone. Kwa sauti kabisa. Dereva wa lori akanitazama.

Halafu wakaweka programu ya kuuendesha mnara. Injinia Furaha, yule dada mwembamba wa Mbeya aliyeanza kazi wiki uliyoanza kuugua, ndiye aliyetufundisha. Alisema programu hii haitazami mnara ulipo tu. Inakisia utakuwa wapi nusu saa ijayo, inachagua ifungue mvuke kiasi gani na irudishe spiriti kiasi gani juu, inatenda kidogo, na baada ya dakika moja inapokea vipimo vipya na kukisia upya. Inarudia hivyo siku nzima, haichoki. Wenzangu wakaipa jina palepale: Mpiga Ramli. Sasa ni Ramli tu. "Ramli kaamkaje leo?" Ndiyo salamu yetu ya kupokezana zamu.

Mimi nilicheka nao, lakini nilikuwa nakuwaza wewe. Kwa sababu yote aliyoyasema Injinia Furaha niliyasikia kwako siku yangu ya kwanza, nikiwa na cheti changu cha kidato cha nne kwenye bahasha, umenisimamisha chini ya mnara. Ulisema, "Bibi yako angeliona dude hili angesema ni chungu cha gongo kilichokosa adabu kikarefuka." Kisha ukaacha mzaha. Chini kunachemka, mvuke unapanda, sahani zimepangwa moja juu ya nyingine, maji yanashuka, spiriti inapanda. "Na mnara unachelewa, Mwaju. Ukiongeza mvuke sasa, jibu utalipata baadaye. Kwa hiyo usiutazame ulipo. Utazame unakokwenda."

Kule Kinole walikutania mpika gongo mpaka unaingia kaburini, na wewe ukijibu vilevile kila mara: "Mwanao walimpaka nini kabla ya kumchoma sindano, kama si spiriti? Basi nyamaza."

Sasa kofia.

Kila mwaka kabla ya masika ulikuwa unakata madebe ya mafuta ya kula, unakunja kofia, unavifunika vipimajoto vyote vya nje. Mvua ya Uluguru haishuki tu, inapigwa na upepo kutoka pembeni, inaingia kwenye kioo, kioo kinapata ukungu, husomi kitu. Wageni wote walioutembelea mnara waliuliza zile kofia ni za nini. Ulinifundisha kuzikata kabla hujanifundisha kugusa valvu.

Kwa hiyo milima ilipoanza kuvaa mawingu mwaka huu, nikachukua mkasi wako. Fundi wa Dar alikuwa ameshaniambia, "Dada, hivi havihitaji mwavuli, vimezibwa." Nikamwambia huijui mvua ya kwetu. Akacheka, akaendelea kukaza nati. Nikasubiri waondoke. Nikapanda na kofia nne, mpya, zinang'aa, nikazivisha moja moja. Ile ya sahani ya kumi na nne niliikunja vizuri kuliko zote, ikafunika kila kitu mpaka chini, antena na yote. Niliposhuka nilijisikia nimekusalimia.

Nilikuwa nimepanda mwanzo wa zamu, na siku ileile mvua ikaja. Ilikuwa saa nne asubuhi. Molasi ilikuwa imebadilika, tumeanza shehena mpya, na mchachuko wake ulikuwa mwepesi, una spiriti kidogo. Ilikuwa siku ya mnara kuyumba. Lakini kwenye kompyuta mnara umetulia. Selemani, mwenzangu wa zamu, yule anayekula karanga kama analipwa, akasema, "Dada, Ramli leo anaupiga mwingi. Cheki, hata hatikisiki."

Nikacheki. Themanini na nane nukta mbili. Nikaandika kitu kingine, nikarudi. Themanini na nane nukta mbili. Maziwa yalikuwa yamejaa kifuani, nawaza kama Zuhura amekunywa uji, nikatazama tena. Nukta mbili.

Mjomba, unajua nilikumbuka nini.

Nilikumbuka nilivyokuwa na mimba ya miezi minane, miguu imevimba haiingii kwenye buti, nikaandika kwenye karatasi ya zamu joto la sahani ya kumi na nne bila kupanda. Nikanakili la nyuma. Mara tatu. Uliichukua ile karatasi ukaisoma. Ulichukua tochi, ukapanda mwenyewe na goti lako lile, nikawa nasikia buti lako moja linapiga ngazi na jingine linaburuzwa. Ulishuka unahema, ukaandika namba ya kweli pembeni ya zile zangu, ukaniuliza taratibu, "Mnara haujawahi kukaa mahali pamoja tangu uzaliwe. Sasa hizi namba tatu zinazofanana, ni nani huyu aliyelala?"

Basi nikasema kwa sauti, "Selemani, hiyo namba imelala."

"Imelala vipi?"

"Imelala! Hakuna anayepanda kuisoma!"

Nikatazama valvu ya mvuke. Ramli alikuwa ameifungua, na kuifungua, na kuifungua. Maskini, yeye alikuwa anaona sahani ya kumi na nne iko chini kidogo ya anapotaka, anaongeza mvuke, anatabiri itapanda, haipandi, anaongeza tena. Kumbe kule juu joto lilishapanda kitambo, ila taarifa haikufika, na kompyuta ikawa inamwonyesha ile ya mwisho kama vile ni mpya. Nikamtoa Ramli, nikashika mnara kwa mkono. Nilipotoka nje niliusikia kabla sijaufikia, unaguruma tumboni, ule mngurumo ambao wewe ulisema nikiusikia nisikimbie wala nisifunge mvuke kwa pupa. Nilifunga kidogo, nikahesabu, nikafunga kidogo. Mikono ilifanya ulivyoifundisha.

Hakuna aliyeungua. Alhamdulillahi. Ila spiriti ilikuwa imeshaingia maji, na tanki zima la siku ile likarudishwa kupikwa upya.

Sasa nikuambie aibu yangu. Kiwanda kizima kililaumu vipimo vya wayalesi, na mimi nikalaumu nao. Kutwa nzima. Nilisema, "Vitu vya hewani hivi, nilijua tu." Meneja akaitisha kikao cha Ijumaa: vipimo vitolewe, Ramli azimwe, turudi kwenye ngazi na daftari. Na fundi wa Dar aandikiwe kwamba kazi yake mbovu. Na mimi, ambaye niko kwenye majaribio ya kukalia kiti chako cha opereta mkuu wa zamu, nikapongezwa kwa kuuokoa mnara. Barua ya kunithibitisha ilikuwa inakuja mwisho wa mwezi. Meneja alinishika mkono mbele ya watu.

Usingizi haukunijia. Kitu kimoja kilinisumbua: vipimo vilifanya kazi vizuri wiki nne. Kilichobadilika ni nini?

Asubuhi yake mvua ilikuwa imekatika. Nikapanda hadi sahani ya kumi na nne na simu ya upepo kiunoni. Nikamwambia Selemani, "Kaa kwenye kioo, niambie namba ikicheza."

"Imeganda, Dada."

Nikaivua kofia. Nikasubiri. Hapo juu unaona mashamba ya miwa na milima yako yote, na moshi wa asubuhi. Dakika moja haikuisha.

"Imeamka! Umefanya nini?"

Nikairudisha.

Kisha, "Dada, imelala tena. Umeifanyia nini?"

Nilikaa kwenye ngazi na kofia yako magotini. Wewe ulikuwa unafunika macho yasiingie maji. Mimi nilifunika mdomo wa kitu kinachosema. Bati na mawimbi haviivani, hata mtoto wa shule siku hizi analijua hilo. Akiingia na simu kwenye kontena anakosa mtandao. Mimi sikuwaza. Niliona mvua, nikaona mkasi, nikakuona wewe.

Nilikukasirikia, Mjomba. Nisamehe. Nilikaa kule juu nikakukasirikia kama uko hai. Halafu hasira ikaisha, nikakosa wa kumkasirikia, nikalia kidogo, nikafuta uso kwa mkono wa ovaroli.

Niliposhuka nilimweleza Selemani. Akatazama mlango, akasogea karibu. "Da' Mwaju, kausha. Zivue zote nne tu. Namba zitakaa sawa, watasema ni mvua, mambo yataisha. Wewe una mtoto. Hiyo barua iko mezani inasubiri sahihi tu."

Alisema kwa wema. Na ni kweli nina mtoto. Nilirudi nyumbani nikamwogesha Zuhura, nikamwangalia anavyopiga maji kwenye beseni, nikajaribu kukausha kama alivyosema. Nikaona haiwezekani. Si kwa sababu mimi ni mwema sana. Ni kwamba Ijumaa wangevitoa vile vipimo ulivyoviomba miaka yote, na nusu saa baadaye kungekuwa na mwanamke mwingine mwenye miguu iliyovimba anapanda ngazi zilizolowa, kisha siku moja anachoka, ananakili namba ya nyuma. Na fundi wa watu aliyeniambia ukweli angekula lawama yangu. Ningekalia kiti chako kwa namba ya kunakili.

Ijumaa nikaenda na kofia kwenye mfuko wa rambo. Meneja alipofungua kikao nikanyoosha mkono kabla hajafika mbali. Nikaiweka mezani. Ikatoa ule mlio wake wa debe. Nikasema, "Vipimo havina kosa. Hii niliivisha mimi, niliambiwa nisivishe, nikavisha. Na jana na juzi nimekaa kimya mkiwalaumu wengine." Sauti ilikatika kwenye neno kimya, lakini nilimaliza.

Halafu Mzee Kibwana wa karakana, rafiki yako, akaichukua ile kofia, akaigeuzageuza, akasema, "Huu mkunjo ni wake mtupu. Kumbe marehemu bado yuko zamu!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Meneja hakucheka. Kisha Injinia Furaha akasema, "Na mimi niseme langu." Kumbe kengele ya kutuonya kwamba kipimo kimenyamaza ilikuwepo. Aliizima mwenyewe wiki ya kwanza kwa sababu ilikuwa inalia kwa kila jambo, akakusudia kuirekebisha, akasahau. Kama ingekuwa hai, kofia yangu ingegundulika palepale.

Mwisho wa yote, barua ya kunithibitisha haikusainiwa. Wameniongezea miezi mitatu ya majaribio, na kwenye faili langu kuna karatasi ya onyo. Nakuambia wazi ili usije ukadhani nimepewa zawadi ya kusema kweli. Sikupewa. Iliniuma, na bado inauma. Lakini vipimo vimebaki, na Ramli yuko kazini.

Na kuna hili. Jumatatu Injinia Furaha alinivutia kiti akaniuliza, "Wewe ulijuaje kwamba namba imelala? Mimi ningetazama saa nzima nisione." Nikamweleza habari ya namba tatu zinazofanana, na ya goti lako. Alisikiliza akiandika. Tukabishana kidogo, alisema tatu ni chache mno kwa kipimo kinachosema kila nusu dakika, zinaweza kufanana kwa bahati tu. Tukakubaliana. Zikifanana tatu, Ramli aanze kuwa na wasiwasi. Zikifika sita, aache kuamini kipimo hicho, asiongeze mvuke hata chembe, atuite. Ameiweka hiyo ndani ya programu. Neno lako liko mle sasa, Mjomba, linaulizwa kila nusu dakika usiku na mchana: ni nani huyu aliyelala?

Kofia nimezikata upya. Nimetumia dumu la plastiki la njano, kwa mkasi wako huohuo. Fundi wa Dar nilimpigia simu kumwomba radhi, akasema plastiki haina neno, inapitisha, ingawa bado anashikilia kwamba havihitaji mwavuli. Nikamwambia najua, ila acha. Akacheka sana. Mnara sasa una kofia nne za njano, unaonekana hadi barabarani.

Ya bati nimebakiza moja. Iko kwenye kile kipimajoto cha kioo cha sahani ya kumi na nne, kilekile cha zamani, ambacho walitaka kukitoa nikawaomba wakiache. Hakirushi kitu. Kinangoja mtu apande akitazame.

Nitapanda, Mjomba. Mara moja kila zamu, mvua isinyeshe au inyeshe, nitapanda nikisome kwa macho yangu na kukilinganisha na cha hewani. Na miezi mitatu ikiisha nitakwenda kwa Meneja mwenyewe kuuliza kuhusu kile kiti, sitangoja kuitwa. Ninakitaka. Nilikuwa naona haya kusema hivyo ukiwa hai.

Zuhura ameamka, ananivuta kalamu. Nimemruhusu akuchoree huo mstari hapo pembeni. Ndiyo salamu yake. Keshokutwa tutakuja naye, atakukanyagia udongo kwa miguu yake, usimkasirikie kaa wako. Lala, Mjomba wangu. Zamu nimeipokea.

Sahani ya kumi na nne, leo saa sita mchana: kwa hewa, themanini na nane nukta nne. Kwa macho, themanini na nane na nusu. Inatetemeka.

Mwaju